Rahabu na Kidole Gumba cha Mwalimu

Ukipanda kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba, kabla hujaufikia msitu, kuna nyumba ya matofali ya kuchoma yenye dirisha moja kubwa kuliko mengine. Dirisha hilo nililitengeneza mimi. Mwenyewe, Rahabu, alitaka meza yake ipate mwanga wa kutosha hata siku za ukungu, na huku kwetu siku za ukungu ni nyingi. Ukipita barabarani asubuhi utamwona ameinamia kompyuta, ana kitenge mabegani na kikombe cha chai ya tangawizi pembeni. Watu wapitao na mizigo ya karoti humpungia mkono. Wengine husema, "Yule binti wa mama Josephina bado anacheza."

Hachezi. Rahabu anaandika programu za simu. Alisomea kazi hiyo chuoni, akaifanya Dar es Salaam miaka sita, katika ofisi moja ya ghorofani. Kisha mama yake akateleza kwenye ngazi za shambani, akavunjika nyonga, na Rahabu akaja kumuuguza. Mama akapona. Sasa anapanda ngazi zilezile akiwa na debe la maji kichwani, ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye uliyevunjika. Lakini Rahabu hakurudi Dar. Alipenda kulala chini ya mablanketi mawili. Alipenda kuimba alto katika kwaya yetu. Alisema kichwa chake kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi.

Mwaka jana mwezi wa tano ofisi ile ikamwandikia: arudi ifikapo tarehe mosi Septemba, la sivyo nafasi yake inapewa mtu mwingine. Mama Josephina aliposikia, alitoa begi kubwa la nguo chini ya kitanda, akalifuta vumbi na kuliweka sebuleni.

"Mama, mbona begi limekaa hapa?" Rahabu aliuliza.

"Linakusubiri. Huku utafanya nini? Utaziandikia karoti programu?"

Mama hakumchukia mwanawe. Aliogopa tu kwamba binti ameacha kazi kwa ajili yake, na hakutaka deni la namna hiyo. Rahabu alihitaji kazi ya kufanyia hapahapa, kazi ambayo mama yake angeiona kwa macho. Kazi hiyo ilitoka kwa Mwalimu Tobia.

Mwalimu Tobia ndiye mwalimu wa kwaya yetu, na ndiye msimamizi wa kwaya zote kumi na moja za jimbo. Ni mzee mwenye umri unaokaribia sabini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nyimbo anatunga mwenyewe na kuziandika nota kwa mkono, do re mi, mistari minne kwa sauti nne. Zamani tulinakili karatasi. Karatasi huku haidumu: inanyonya unyevu, inakunjika mfukoni, inafungiwa chumvi. Tukajaribu kutumiana picha za karatasi kwenye kundi la simu. Zikapotea kati ya salamu za asubuhi na picha za maua, na zile zilizopatikana zilikuwa na ukungu kuliko barabara ya Magamba mwezi wa saba.

Basi Rahabu akatengeneza Daftari la Kwaya. Mwalimu anaandika wimbo, anapiga picha ya karatasi, anampelekea Rahabu, naye anauweka. Wewe unafungua simu, unagusa jina la wimbo, ukurasa unatokea, safi, herufi kubwa.

Hivyo ndivyo alivyotuambia. Siku ya kwanza tulipolijaribu kanisani hatukuona ukurasa. Kanisa letu limejengwa bondeni, mtandao unafika ukipenda. Tulisimama wanakwaya thelathini na wawili, kila mtu ameshika simu kifuani, na katika kila simu kulikuwa na duara dogo linazunguka.

"Mwalimu," alisema Secilia, kiongozi wa soprano, "tunaimba huu mviringo au tunasubiri mwingine?"

Mwalimu hakucheka. "Tutaimba kwa kichwa. Nyie mnaokumbuka, imbeni."

Rahabu aliona aibu, lakini si ya kumkalisha chini. Kesho yake nilikuwa nyumbani kwao nikirekebisha bawaba ya dirisha, akanieleza kosa liko wapi. Kila unapofungua ukurasa, simu inaufuata mbali sana, kwenye mashine kubwa iliyoko ng'ambo, na picha ni mzigo mzito. Ukifunga na kufungua tena, inasafiri upya. Simu thelathini na mbili zote zinapita katika kijia kimoja chembamba.

Nikamtazama mama Josephina, aliyekuwa akipanga kuni chini ya upenu. Nadhani Rahabu naye alitazama hukohuko.

"Mama hafuati kuni msituni kila anapotaka kubandika chungu," alisema. "Anafuata mara moja, anaziweka karibu na mlango. Sisi tunaita kache, lakini ni akiba tu. Simu ikishaipata picha mara moja, iiweke kwake. Siku nyingine iitoe palepale."

"Na mimi msinitaje kwenye mambo yenu ya kompyuta," mama Josephina alisema bila kugeuka.

Aliifanya kazi hiyo siku nne. Alizipunguza pia picha uzito, maana simu ndogo haina haja ya picha ya kujaza ukuta. Baada ya hapo ilikuwa raha. Unafungua ukurasa mara moja ukiwa barabarani penye mtandao, na toka siku hiyo, uwe bondeni, uwe msituni, ukigusa tu, wimbo umefika kabla hujainua kidole. Bando halikuliwa tena. Martin, mwenzangu wa besi, alikuwa akilifungua na kulifunga daftari bila sababu, kwa kufurahia tu lile tendo.

Mwalimu Tobia alilifungua mara tatu, akavua miwani. "Rahabu," alisema mbele yetu sote, "tamasha la jimbo ni Vuga, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Daftari hili likisimama Vuga, nitapeleka neno kwa wakubwa. Kwaya zote kumi na moja zitalitumia, na jimbo litakuajiri uliangalie. Ukae hapa hapa."

Jioni ile mama Josephina alilisogeza begi karibu na ukuta. Hakulirudisha chini ya kitanda.

Sasa lazima niseme jambo moja juu ya Mwalimu Tobia ambalo kila mwanakwaya analijua. Wimbo wake hauishi. Ana kalamu ya risasi sikio la kulia na kifutio mfuko wa shati, kifutio cha kijivu kilichokuwa cheupe zamani. Anaweza kutunga wimbo Januari na mwezi wa sita bado anafuta. Zamani haikuwa taabu. Alipita katika kila kundi na karatasi yake, anafuta hapa, anaandika pale, nasi tunafuta pamoja naye.

Jambo la pili ni kwamba anaanza na besi. Anasema nyumba huanzwa na msingi. Kwa hiyo ulipotoka wimbo wa Vuga, sisi besi wanane tuliufungua Jumatano na kuufanyia mazoezi katika banda langu la mbao. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, besi tulitakiwa kuingia kwa nguvu na kushikilia sauti moja mapigo manne. Tuliipenda sana sehemu hiyo. Martin alisema hapo ndipo Vuga itajua kwamba Magamba kuna wanaume.

Alhamisi, Mwalimu akafuta. Aliona ni vizuri zaidi wote wanyamaze mapigo manne kabla soprano hawajaingia peke yao, polepole. Akapiga picha mpya, akampelekea Rahabu, Rahabu akaiweka mahali pa ile ya zamani. Soprano, alto na teno waliufungua wimbo Ijumaa kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, wiki mbili kabla ya tamasha, tukakutana wote kanisani. Rahabu hakuwepo, alikuwa amempeleka mama yake mjini kupimwa nyonga. Tuliimba vizuri sana hadi ukurasa wa pili. Hapo wenzetu wote wakanyamaza. Na katika ule ukimya, besi wanane tukaingia kwa nguvu zetu zote.

Njiwa waliokuwa darini waliruka.

Mwalimu Tobia alishusha mikono. "Besi. Mnamwita nani?"

Kanisa zima lilicheka. Tukarudia. Tukaingia tena.

"Mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa," Martin alisema.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye daftari."

Mwalimu alichukua simu ya Secilia, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Hapa pameandikwa kimya. Mapigo manne ya kimya. Lete yako."

Martin alibonyeza simu yake. Ilikuwa imeisha chaji, kwa vile alikuwa amelifungua na kulifunga daftari njia nzima.

"Kaka zangu," alisema Secilia, "kama hamkujiandaa semeni tu. Msilisingizie daftari la watu."

Mimi nilikuwa na simu mkononi, na ukurasa uko wazi. Nilikuwa nimesimama nyuma kidogo ya Secilia, na Mwalimu alipoirudisha simu yake niliuona ukurasa wa kwake. Karatasi ilikuwa imebanwa kwa jiwe dogo. Katika ukurasa wangu hakukuwa na jiwe. Karatasi ilishikwa na kidole gumba cha Mwalimu Tobia, kwenye pembe ya chini kushoto, na ukucha wake ule uliopasuka unaonekana vizuri. Picha mbili za wimbo mmoja. Nilifungua mdomo. Lakini watu walikuwa wengi, wanatutazama sisi besi na kucheka, na Mwalimu alikuwa amekunja uso. Nikatia simu mfukoni.

"Nimelipenda daftari hili," Mwalimu alisema mwishoni, "lakini naona limewafanya wengine walale na wengine wapate kisingizio. Jumamosi ijayo simu zibaki mlangoni. Nitanakili karatasi mwenyewe. Habari ya kupeleka neno kwa wakubwa, tuiache."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Habari zilimfikia Rahabu kabla hajashuka kwenye gari. Alifungua kompyuta akakagua ukurasa wa pili, akaukuta ni ule mpya. Akafungua simu yake, ni ule mpya. Alikesha mawazoni, alivyonisimulia baadaye, akitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Jumapili baada ya ibada hakubaki kuzungumza na watu. Jumatatu asubuhi nilichukua kigoda cha mama Josephina, ambacho nilikuwa nimekiongezea mguu na kilikuwa tayari tangu wiki iliyopita, nikaenda nacho. Nilihitaji kitu cha kushika mkononi.

"Onga mshi," niliwaamkia mlangoni kwa Kisambaa.

"Karibu, baba Evelina. Shikamoo," Rahabu alijibu.

"Marahaba. Nimeleta kigoda."

Mama Josephina alikikalia, akakitikisa, akasema kinafaa. Niliona begi. Lilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na sweta mbili zilizokunjwa. Nikasimama palepale hadi mama Josephina akaniuliza kama kigoda kina mapacha, maana nakaa kama mtu mwenye kingine cha kuleta.

Basi nikatoa simu, nikafungua ukurasa wa pili, nikampa Rahabu.

Aliutazama. Akavuta kiti. "Hiki kidole ni cha nani?"

"Cha Mwalimu. Kwa Secilia kuna jiwe."

"Wewe uliufungua lini?"

"Jumatano. Besi wote tulifungua Jumatano."

Rahabu alijipiga paji la uso, akaanza kucheka, kisha akaacha, kisha akacheka tena. "Nimezifundisha simu kutunza," alisema. "Sikuzifundisha kuuliza. Simu yako ina ukurasa, kwa nini ihangaike kufuata mwingine? Inakupa ule wa Jumatano mpaka mwisho wa dunia."

Hapo nilijisikia vizuri kidogo, kwa sababu kosa hilo nalijua. Nikamweleza kuhusu dirisha la nyumba moja kule Vuga. Nilipima tundu, nikaandika kipimo kwenye ubao wa banda langu, nikapata kazi nyingine. Baada ya miezi miwili nikakata fremu kwa kipimo cha ubaoni. Nikaibeba hadi Vuga, haikuingia. Kumbe mwashi alikuwa amelipunguza tundu nami sikuambiwa.

"Na siku hizi unafanyaje?" aliuliza.

"Kabla ya kushika msumeno napiga simu. Nauliza tu, tundu ni lilelile? Wakisema ndiyo, nakata. Sisafiri kwenda kupima upya."

Rahabu alinikazia macho, nikadhani nimekosea. Kisha akageukia kompyuta. "Kaa, baba Evelina. Mama, kuna chai?"

Nilikunywa vikombe vitatu. Alichofanya alinieleza huku vidole vinakimbia. Kila picha ingepewa namba. Mwalimu akifuta, namba inapanda. Ukifungua ukurasa, simu inauliza swali dogo tu: bado ni namba tatu? Swali halina uzito, linapita hata mtandao ukiwa mwembamba kama uzi. Jibu likiwa ndiyo, inakupa picha ya akiba papo hapo. Likiwa hapana, inafuata mpya na kuitupa ya zamani, simu isijae. Na pasipo mtandao kabisa, inakupa iliyopo, lakini inakuandikia juu kwa wino mwekundu: ukurasa huu ulihifadhiwa siku fulani.

"Na mkiulizana bila kujibiwa?" mama Josephina aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa anasikiliza muda wote.

"Ndiyo maana kuna wino mwekundu, mama."

Saa nane mchana simu yangu ilionyesha jiwe. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimeondoka. Rahabu alisema twende wote kwa Mwalimu Tobia. Nilitaka kusema nina kazi, lakini simu yenye ushahidi ilikuwa ya kwangu. Kwa bahati Rahabu alikuwa amepiga picha ule ukurasa wa kidole kabla ya kuubadilisha. Kwa Mwalimu nilizungumza maneno yasiyozidi kumi. Nilisema, "Shikamoo Mwalimu. Besi hatukulala. Tuliimba kidole chako."

Mwalimu alikiangalia kidole kwenye picha, akakiangalia cha mkononi. "Ukucha huu uliumia mwaka wa themanini na tisa," alisema. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Halafu akatoa karatasi, akafuta neno moja palepale kwa makusudi, akaandika lingine, akapiga picha na kumpa Rahabu aiweke. Alihesabu kwa vidole. Kabla hajamaliza mkono mmoja, neno jipya lilikuwa kwenye simu yangu.

"Vuga tutakwenda na simu," alisema. "Lakini daftari likigoma tena, Rahabu, mimi sina la kukuombea."

Tukaenda Vuga. Uwanja ulijaa, kwaya kumi na moja na ndugu zao, na kila mtu anapiga picha na kuzirusha. Mtandao ulilemewa asubuhi mapema. Sisi tulifungua daftari, ukurasa ukaja kama kawaida, na juu yake maandishi mekundu: ulihifadhiwa Ijumaa. Ilikuwa imebaki kwaya moja kabla yetu nilipomwona Mwalimu Tobia anainua mkono kwenye sikio la kulia. Akatoa kalamu. Akaingiza mkono mfuko wa shati.

Rahabu naye alimwona. Na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba akifuta sasa hakuna swali dogo litakalopita katika mtandao ule. Watu thelathini na wawili wangeimba ya Ijumaa, na mwalimu wao angeongoza ya Jumamosi. Alitoka kwenye mstari wa alto mbele ya umati wote, akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Tumeshaamkiana leo."

"Najua. Naomba kifutio."

"Kuna mahali pamoja tu, Rahabu. Tena pa teno."

"Hata kama ni pamoja." Alikunja magoti kidogo kwa heshima, mkono wa kulia umetandazwa na wa kushoto umeushika kiwiko, kama mtu anayepokea chakula. "Ukurasa tulioupata wote ni wa Ijumaa. Ukifuta, utaimba peke yako."

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimwomba Mwalimu Tobia kifutio. Secilia aliacha kutafuna pipi. Mwalimu alitazama karatasi, akatutazama sisi, mstari kwa mstari, simu vifuani. Kisha akakiweka kifutio katika kiganja cha Rahabu. Kalamu akairudisha sikioni yeye mwenyewe.

Tuliimba. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, tukanyamaza mapigo manne, watu wote thelathini na wawili, na uwanja mzima ukanyamaza nasi. Nilimsikia Martin anavyojizuia. Kisha soprano wakaingia polepole, peke yao, na nikaelewa kwa nini Mwalimu alikuwa amefuta ile Alhamisi.

Tukashika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa na ngoma nzuri kuliko zetu, hilo halina ubishi. Lakini kabla hatujapanda gari, walimu wa kwaya nne walikuwa wamemzunguka Rahabu wakimpa simu zao, na Mwalimu Tobia amesimama kando akiwaelekeza kama mtu aliyelibuni daftari mwenyewe. Neno lilipelekwa kwa wakubwa Jumatatu. Kabla mwezi haujaisha jimbo lilimwajiri, na Rahabu akaiandikia ofisi ya Dar barua ya kushukuru.

Begi la sebuleni mama Josephina alilipeleka jikoni, akalijaza mbegu za viazi. Alisema zipu yake inazuia panya.

Kifutio hakijarudi kwa mwenyewe. Kipo dirishani kwa Rahabu, juu ya ile fremu yangu, na kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Tobia anapanda mlima kuja kukiazima. Anafuta anachotaka kufuta, anakunywa chai, namba inapanda, anakiacha palepale.